Kimbunga kimepita Houston, sasa tunafanyaje? Maswali yanayoulizwa kila mwaka

Kila mwaka ikifika Juni mpaka mwisho wa Novemba simu yangu haipumziki, maana huo ndo msimu wa vimbunga huku, na maswali ni yale yale. Mi sio mtaalam wa chochote, ni Mtanzania ninayeishi kusini magharibi mwa Houston, nimepitia kimbunga Harvey 2017 nikapitia na kimbunga Beryl 2024, nimebeba godoro lililokunywa maji kwenye ngazi na nimejaza fomu mpaka nikaota fomu. Mambo ya sheria humu ni ya Texas, ukiwa Florida au Carolina uliza watu wa huko.

Hivi harikeni ni nini zaidi ya mvua kubwa?

Ni kimbunga kile kile, Atlantiki wanakiita harikeni, kwetu Bahari ya Hindi wanasema saikloni. Ila watu wanaangalia namba ya daraja wanadhani ndo kila kitu, sio hivyo. Ile daraja inapima upepo tu. Harvey alipiga pwani karibu na Rockport usiku wa Agosti 25, 2017 akiwa daraja la 4, lakini kilichotumaliza Houston haikuwa upepo, ilikuwa mvua, jamaa alifika akaganda, hasogei, siku nne anamwaga maji tu. Kule mji wa Nederland, hapa hapa Texas, walipima inchi 60.58, yaani zaidi ya mita moja na nusu ya mvua kwa kimbunga kimoja. Beryl naye Julai 8, 2024 alikuja na daraja la 1, watu wakacheka, asubuhi ile ile wateja zaidi ya milioni 2 hawana umeme na joto la Julai unalijua. Kwahiyo ukisikia "ni daraja la kwanza tu" usilale.

Maji yametoka, nimerudi nyumbani, naanza na nini?

Picha. Kabla hujagusa ufagio, kabla hujalia, piga picha. Kila chumba, pembe zote nne, ule mstari wa matope ukutani unaoonyesha maji yalifika wapi, namba za nyuma ya friji na tivii, ndani ya kabati, viatu, mpaka unga. Mi nilikosea hapa. Nilivyorudi nikakuta kochi limevimba na linanuka kama samaki wa juzi, hasira zikanipanda, tukalitupa nje mimi na jirani, likaja lori la taka likaondoka nalo, na baadae ninapoulizwa ushahidi wa kochi nina nini? Nina stori tu. Stori hailipwi.

Ukishapiga picha zitume mahali ambapo simu ikizama hazizami nayo, hata kwa dada yako Tanga. Af kabla ya kuingia hakikisha umeme umezimwa kwenye swichi kuu, vaa buti na glovu, yale maji sio ya mvua tena, yamepita kwenye vyoo vya watu na mafuta ya magari. Ukichomwa na msumari nenda kapate sindano ya pepopunda, usijifanye komando.

Ukuta umekauka kwa nje, lazima kweli niubomoe?

Wengi wetu tumezoea nyumba za tofali, maji yakitoka unadeki, unafungua madirisha, wiki mbili maisha yanaendelea. Nyumba za huku ni mbao na jipsamu, na katikati kuna ile sufi ya pinki ya kuzuia joto. Jipsamu inavuta maji juu kama utambi wa taa, maji yamefika gotini lakini ndani ya ukuta unyevu uko kiunoni. Ukungu unaanza ndani ya saa 24 mpaka 48, huuoni, unaanza kusikia harufu tu, af siku moja unasogeza kitanda unakuta ukuta wa nyuma umeota manyoya meusi.

Kwahiyo watu wanakata. Kama maji hayakuzidi futi mbili hivi, wengi wanakata futi nne kutoka chini kwasababu jipsamu inauzwa kwa upana wa futi nne, kiraka kinaingia bila kuhangaika. Toa sufi yote iliyolowa, toa kapeti na sponji lake, acha nguzo za mbao wazi, washa feni, subiri zikauke kweli kweli kabla ya kufunga. Watu wengi wanafunga mapema kwasababu wamechoka kukaa kwenye nyumba inayoonekana mifupa, miezi mitatu baadae wanafungua tena. Jiki kwa sehemu ngumu kama vigae na saruji ni kikombe kimoja kwa galoni moja ya maji, madirisha wazi, na usiichanganye kamwe na dawa nyingine ya usafi yenye amonia. Mwenye pumu au mtoto mchanga asikae humo.

Umeme hamna, naweza kuweka jenereta barazani au kuwasha jiko la mkaa ndani?

HAPANA. Hili nitalijibu kwa ukali. Kila kimbunga watu wanapona upepo, wanapona mafuriko, af wanakufa na jenereta usingizini. Ule moshi una kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi, unasikia kichwa kinauma, unasema ngoja nijilaze kidogo, basi. Jenereta ikae nje angalau futi 20 kutoka kwenye nyumba, moshi uelekee mbali na madirisha yako na ya jirani. Gereji hata ukifungua mlango haifai. Na jiko la mkaa ni hivyo hivyo, najua nyumbani tumekua nalo jikoni, ila vile vyumba vyetu vya jikoni vilikuwa na upepo unapita juu ya ukuta, nyumba za huku zimezibwa kama chupa.

Chakula kwenye friji kinakaa muda gani?

Friji isiyofunguliwa, saa 4. Friza iliyojaa saa 48, ikiwa nusu 24. Wakati wa Beryl sisi tulifanya la maana, siku ya kwanza jioni apatimenti zetu nane kila mtu akatoa nyama yake kabla haijaharibika, tukachoma chini kwenye parking, kuna wa Honduras, kuna ndugu zetu wa Bukavu, kuna mzee mmoja Mmarekani alikuwa hajawahi kutusalimia miaka mitatu, akaja na soseji. Bora ile kuliko kila mtu kutupa kilo zake tano kimya kimya. Na kama unapokea SNAP, ule msaada wa serikali wa kununulia chakula, na chakula kimeharibika, unaweza kuomba kurudishiwa, piga 2-1-1 mapema maana siku ni chache.

Nina bima ya nyumba, si watalipa?

Inategemea maji yametokea wapi, na hapa ndo wengi wanalia. Upepo ukitoboa paa mvua ikaingia, bima ya kawaida ya nyumba mara nyingi inahusika. Maji yakipanda kutoka chini, hayo ni mafuriko, bima ya kawaida haihusiki, na ya mpangaji nayo kwa kawaida haihusiki. Mafuriko yana bima yake, nyingi inatoka kwenye mpango wa serikali kuu, inalipa mpaka dola 250,000 kwa jengo la familia na 100,000 kwa vitu vya ndani, na ina kipindi cha kusubiri siku 30, kwahiyo kununua wakati kimbunga kiko kwenye tivii ni kuchelewa.

Na usiniambie "mi siko kwenye eneo la mafuriko". Harvey alizamisha nyumba zaidi ya 150,000 kaunti ya Harris peke yake, ndo kaunti yenye Houston, karibu nusu yake zilikuwa nje ya maeneo yaliyochorwa kwenye ramani ya hatari, na nyingi hazikuwa na bima ya mafuriko. Wengine walipona mvua yenyewe kabisa, kisha yale mabwawa ya Addicks na Barker yakajaa, upande wa juu maji yakarudi nyuma mpaka kwenye nyumba za watu, upande wa chini yakafunguliwa kuepusha makubwa zaidi. Unaenda kulala pakavu unaamka kitanda kinaelea. Mpangaji pia anaweza kununua ya vitu vya ndani tu, wengi hatujui.

FEMA ni nini na mimi mgeni naruhusiwa kuomba?

Ni shirika la serikali kuu la mambo ya maafa. Rais akitangaza eneo lako kuwa la maafa na msaada wa mtu mmoja mmoja ukafunguliwa, unaomba kwa simu 1-800-621-3362 au kwenye tovuti ya DisasterAssistance.gov, kwa kawaida ndani ya siku 60. Kama Kiingereza kinakupiga chenga omba mkalimani, sema tu neno Swahili, ni bure, usimtumie mtoto wa miaka kumi kutafsiri mambo ya benki.

Msaada wa pesa ni kwa raia, wenye grinkadi, wakimbizi na waliopewa hifadhi, kwahiyo ndugu zetu wengi waliotoka kambi za Nyarugusu au Kakuma wanastahili kabisa na wanajinyima bure kwa woga. Kama wewe mwenyewe hustahili lakini una mtoto raia ndani ya nyumba, unaomba kwa jina la mtoto. Kulala kwenye kituo cha kujihifadhi, maji, chakula cha dharura, hivyo havihitaji karatasi za uhamiaji. Ila kama hali yako ni tata ongea kwanza na mwanasheria wa bure, hapa Houston kuna Lone Star Legal Aid, sio na yule bwana wa dukani anayejua kila kitu.

Kitu kingine wageni tunasahau: ukihama makazi kwasababu ya mafuriko, una siku 10 za kuwaambia uhamiaji anwani mpya kwa fomu AR-11. Kimbunga hakisimamishi hilo.

Nimepata barua ya FEMA inasema sistahili, basi imeisha?

Haijaisha! Hili laiti ningeweza kulipigia tarumbeta mtaani. Barua ya kwanza ya kukataa mara nyingi maana yake ni kuna karatasi imekosekana, sahihi haipo, jina kwenye bili ya umeme sio lako, hawajaona barua ya bima, au mkaguzi alikuja hakukuta mtu. Una siku 60 kuanzia tarehe ya barua kukata rufaa. Soma sababu, tafuta karatasi inayojibu sababu ile ile, andika namba yako ya maombi kwenye kila ukurasa, tuma.

Jirani yangu mama wa Kongo alipata barua hiyo, akaikunja akaiweka chini ya Biblia, akasema Mungu hakutaka. Wiki ya tano binti yake akanionyesha. Tatizo? Majina yao ya ukoo. Kwenye mkataba wa nyumba jina limeandikwa kwa mpangilio mmoja, kwenye kitambulisho limegeuzwa, kompyuta ikaona watu wawili. Tulipeleka barua ya nusu ukurasa na nakala mbili, wakalipa. Sio utajiri lakini ilikuwa vitanda na meza.

Na usitegemee irudishe maisha yako. Kiwango cha juu mwaka 2024 kilikuwa dola 42,500 kwa makazi, wengi hawakaribii hata robo yake. Pia ukielekezwa kwenye SBA, shirika la serikali kuu la biashara ndogo, usikimbie kwa jina la biashara, ile mikopo ya maafa ni ya wenye nyumba na wapangaji pia. Kuomba sio kukopa, ukikubaliwa unaweza kukataa.

Nimepanga, nyumba imezama, mwenye nyumba anataka kodi.

Texas, kama nyumba haikaliki kabisa na sio wewe uliyesababisha, wewe au yeye mnaweza kuvunja mkataba kwa maandishi. Maandishi, sio simu, sio kumwambia karani wa ofisini. Kama ni sehemu tu imeharibika, kupunguziwa kodi kunapitia mahakama kama mkataba hausemi vingine, kwahiyo usijiamulie kutolipa, utakuta umefunguliwa kesi ya kufukuzwa. Wangu alitaka tukae humo humo huku ukungu unaonekana kwa macho, alipoona barua yenye tarehe na picha lugha ikabadilika.

Fundi amekuja na pikapu anasema anaanza kesho, anataka nusu ya hela. Nimpe?

Usimpe. Siku tatu baada ya kimbunga mitaa inajaa mapikapu yenye namba za mikoa ambayo hata huijui. Sheria ya Texas inamkataza fundi wa maafa asiye na ofisi hapa kwenye kaunti au ya jirani kudai hela kabla hajaanza kazi. Omba mkataba, omba anwani, uliza alipofanya kazi mwisho ukapaone. Mtu wetu mmoja, tena Mswahili mwenzetu, alichukua elfu nne za wazee wawili akaweka jipsamu upande mmoja wa sebule, mpaka leo tunasikia yuko Dallas. Na mkaguzi wa FEMA hakudai hata senti, anayedai ni mwizi.

Watu wenyewe walisaidianaje? Au kila mtu na lake?

Hili swali nalipenda. Picha ya Marekani tuliyokuja nayo ni kila mtu kafunga mlango wake. Harvey alituonyesha kingine. Watu wa Louisiana, wanajiita Cajun Navy, walivuta mashua zao za kuvulia samaki kwa magari mpaka huku wakaanza kuokoa watu wasiowajua, wanaelekezana kwa Zello, ile programu ya simu inayofanya kama redio call. Jim McIngvale, yule mzee wa fenicha wanayemwita Mattress Mack, akafungua maduka yake mawili watu walale kwenye magodoro mapya ya kuuza. Ukumbi wa mikutano wa George R. Brown ukageuzwa kituo cha kujihifadhi, walitegemea watu elfu 5, wakafika kama elfu 10. Misikiti ikafunguliwa kuwa makazi, na Idi ya kuchinja ikaangukia Septemba 1, wiki ile ile, watu wakaswali Idi na nguo za kuazima.

Kwetu Waswahili ilikuwa ni ile kamati ya misiba. Ndio, ile ile ya kuchangia maiti isafirishwe. Tayari ina mweka hazina, ina orodha ya namba, inajua nani mkorofi na nani anasema atatoa hatoi. Mtu mmoja akafungua daftari la shule, mistari minne kwa kila familia: wako wangapi, wako wapi leo, wanahitaji nini, nani anakwenda. Jioni daftari linasomwa kwa simu ya pamoja. Lile daftari lilifanya kazi kuliko programu yoyote, maana siku ya tatu ukisoma unaona familia ya mzee fulani haijajibu mara mbili, mtu anatumwa, anakutwa juu kwenye ghorofa ya pili na dawa ya sukari imeisha.

Nilichojifunza: nguo kuukuu msilete. Mlima wa nguo unakula watu wa kupanga, na sehemu ya kuweka. Leteni hela taslimu, nepi, chaja, soksi mpya, mifuko mizito ya taka, na mikono ya kubomoa jipsamu Jumamosi. Na msaada usiishie wiki ya pili. Wiki ya kwanza watu wamejaa, sufuria za pilau zinapishana mlangoni, mwezi wa tatu hakuna hata wa kukusaidia kubeba mlango, na huo ndo mwezi mgumu.

Walionifundisha zaidi ni Wavietnamu wa mashariki ya New Orleans, Louisiana, baada ya kimbunga Katrina 2005. Mtaa wao ulizama, na jiji lilikuwa bado linajiuliza kama mitaa ya namna ile irudishwe. Wao wakarudi kupitia kanisa lao ndani ya wiki chache, wakafanya misa, na ilipoonekana umeme hauwezi kurudishwa bila uhakika kwamba kuna wateja, padri akakusanya majina ya watu waliorudi akapeleka. Karatasi ya majina ikaleta nguzo za umeme. Ukiwa na orodha wewe ni mtaa, usipokuwa nayo wewe ni malalamiko.

Watoto shule inakuwaje?

Mtoto aliyepoteza makazi ana haki kwa sheria ya nchi nzima kubaki shule yake ya zamani hata kama mnalala kwa shangazi upande mwingine wa jiji, na shule inapanga usafiri. Muulize mshauri wa shule, mwambie hatuna makazi ya kudumu, usione aibu ya neno hilo. Baada ya Harvey wilaya ya shule ya Houston ililisha wanafunzi wote bure mwaka mzima wa masomo.

Gari limezama mpaka kiti, niliwashe nione?

Usiwashe, utamalizia injini. Piga simu bima, ile kubwa kwa kawaida inalipa mafuriko. Na miezi ile usinunue gari la bei ya kutupa kwa mtu, vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho, ukiona matope umeshajua.

Mwanangu mvua ikianza tu anabeba begi lake anakaa mlangoni.

Wa kwangu alifanya hivyo mwaka mzima. Begi lina nini? Doli, soksi, biskuti. Tulichofanya ni kumpa kazi, yeye ndo mkaguzi wa tochi na betri, akishakagua anatangaza. Wakubwa pia tunaumwa ila tunaita uchovu. Kuna namba ya ushauri nasaha kwa watu waliopatwa na maafa 1-800-985-5990 saa 24. Na kama baba haongei, anakaa kwenye gari nusu saa kabla ya kuingia ndani, msimwache.

Inachukua muda gani kurudi kama zamani?

Umeme siku au wiki, ukuta miezi, karatasi miaka miwili na ushee. Jiji lenyewe ni zaidi. Wapiga kura wa kaunti ya Harris walipitisha mkopo wa dola bilioni 2.5 wa kupunguza mafuriko Agosti 25, 2018, mwaka mmoja kamili baada ya Harvey, na kazi zake bado zinaendelea.

Nenda Galveston siku moja, mji wa pwani, saa moja tu kwa gari kutoka Houston. Septemba 8, 1900 kimbunga kiliua watu wanaokadiriwa elfu 6 mpaka 12. Waliobaki wakajenga ukuta wa bahari wa futi 17, af wakafanya kitu ambacho mi bado sikielewi vizuri, waliinua mji. Nyumba kama 2,000, na makanisa, zikanyanyuliwa kwa jeki za mkono kidogo kidogo, mchanga wa baharini ukasukumwa kwa mabomba chini yake. Miaka inakatika watu wanatembea kwenye madaraja ya mbao kwenda dukani.

Mama nyumbani anasema rudini, huko hapafai. Tumjibu nini?

Wa kwangu yuko Tanga na kila Agosti ananiambia hivyo. Nilimkumbusha kimbunga Hidaya, Mei 2024, aliyefika mpaka Mafia. Nikamwambia na ile dhoruba ya Aprili 1872 iliyong'oa mikarafuu ya Unguja na kuzamisha merikebu za Sultani Barghash, Pemba ikapona, na karafuu nyingi zikahamia Pemba. Akanyamaza kidogo, akauliza, "Sasa hiyo tochi umenunua betri?" Nilikuwa sijanunua.